Namba moja iliyosomwa vibaya: kisa cha mtangazaji wa siasa Kigoma na ile barua ya diploma

Kwanza niseme wazi, usiku ule mi ndo nilikuwa kwenye mitambo. Kwahiyo nnachoandika hapa sijahadithiwa, na sehemu ya kosa ni yangu, nitaieleza tukifika. Jina lake silitaji, wa Kigoma wengi mtamjua kabla hamjamaliza aya mbili ila naomba mlibakize mdomoni. Mimi nilikuwa namwita Kaka, yeye ananiita mdogo wangu, nitaendelea hivyo hivyo. Kituo pia sikitaji wala kata wala vyama, maana nikivitaja tu ugomvi unahamia huko na kisa chenyewe kinapotea.

Kaka ni mtoto wa Ujiji, baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli, so alikulia na ile hali ya mwisho wa reli, gazeti la Dar linafika limeshapoa, habari ya jana ndo unaisoma leo kama ya leo. Redio ndo ilikuwa inakuwahi. Na mwaka 1994, akiwa kijana tu wa shule, mjini kwetu kukawa na uchaguzi mdogo wa ubunge jimbo la Kigoma Mjini, Dk. Walid Kabourou wa CHADEMA dhidi ya mgombea wa CCM. Vyama vingi ndo kwanza vimerudi, nchi nzima macho Kigoma. CCM ikatangazwa mshindi, Kabourou akaenda mahakamani, matokeo yakafutwa, serikali ikakata rufaa, na hukumu ya Mahakama ya Rufani ipo mpaka leo kwenye ripoti za sheria za 1996, mawakili wanaijua kwa jina la Kabourou. Sasa mojawapo ya mambo yaliyobishaniwa mle ni redio! Yani RTD, Radio Tanzania Dar es Salaam, redio ya taifa, ililalamikiwa kwamba habari zake za kampeni ziliegemea upande mmoja, na mahakama ikakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. 1995 ukaja uchaguzi mkuu na Kabourou akauchukua ubunge wa Kigoma Mjini.

Nimeanza huko kwa sababu bila hiyo hukumu huwezi kumuelewa Kaka kabisa. Miaka mingi baadaye, akiwa ashaanza kazi redioni, wakili mmoja wa mjini alimpa fotokopi yake. Ni ya Kiingereza, na Kaka Kiingereza chake cha kawaida, akawa anaenda kwa yule wakili jioni anaelezwa ukurasa kwa ukurasa, anapiga mstari kwa kalamu nyekundu. Alichotoka nacho ni kitu kimoja: kumbe dakika za redio zinaweza kuhesabiwa mbele ya jaji. Kuanzia hapo akanunua counter book, ile kubwa ya kurasa nyingi, akachora safu, chama, nani kaongea, kaanza saa ngapi, kamaliza saa ngapi. Kila kipindi. Tuliita daftari la dakika. Chama kimoja kikipata dakika nane leo na kingine tano, kesho anatafuta tatu za kurudisha, na kama mgombea hapokei simu anaandika hapokei simu, saa fulani, mara ya ngapi.

Ajira yake ilianza kwa matangazo ya vifo. Wasiojua redio za mikoani wanaona ajabu ila ndo mkate wetu ule, matangazo ya vifo, salamu, injini ya boti imeibiwa Kibirizi atakayeiona atoe taarifa, mtoto kapotea Gungu kavaa sare ya shule. Sauti yake nzito yenye upole, watu wakampenda akiwa anasoma msiba. Wazee wa Ujiji walikuwa wanasema huyu kijana akikutangazia marehemu unajisikia umeshapewa pole. Baadae akapewa michezo, hakukaa sana, alafu akapewa kipindi cha asubuhi cha siasa na ndo akabaki hapo miaka kumi na moja. Anaanza na mwakeye, ile salamu ya Kiha, anasoma vichwa vya magazeti, alafu anaingia kwenye ya kwetu, baraza la madiwani limesema nini, ushuru wa dagaa mwaloni, barabara, maji, kwanini wakulima wa michikichi kule vijijini wanasubiri miche, nani kaahidi nini mwaka gani na tarehe ngapi. Hiyo ya tarehe ndo iliwatesa wanasiasa, maana alikuwa anatunza. Diwani anasema sikusema hivyo, Kaka ananipa ishara, mi nacheza klipu, sauti yake mwenyewe.

Hela sasa. Mshahara laki na ishirini, ikitoka. Miezi mingine haitoki, mnaambiwa matangazo hayajalipwa vumilieni, mnavumilia. Mkataba hakuwa nao, hakuna aliyekuwa nao pale zaidi ya mhasibu. Akienda kwenye mkutano wa mgombea anapewa bahasha, elfu kumi, elfu ishirini, inaitwa nauli. Alikuwa anapokea. Sitamsafisha hapa, alikuwa anapokea na mi niliwahi kumwambia Kaka hii siyo sawa, akasema mdogo wangu bila hii sifiki Mwandiga nikarudi, kituo hakinipi nauli, ila angalia. Akafungua daftari nyuma kabisa, kuna ukurasa ameandika kila bahasha, tarehe, kiasi, nani kampa. Mpaka leo naamini kupokea kulikuwa kosa, mgombea asiyekuwa na nauli ya kutoa alikuwa anaanza nyuma hata kama dakika zake zinalingana. Ila pia sijamuona mtangazaji mwingine anayeandika aliyopewa, sijamuona kabisa.

Twende kwenye usiku wenyewe.

Ulikuwa uchaguzi mdogo wa udiwani, kata moja, vituo vya kupigia kura kumi na nne, ni kabla ya uchaguzi mkuu wa 2020. Udiwani unaweza ukauona mdogo ila kwa mji kama wetu haukuwa mdogo, wakubwa wa vyama walikuja, magari ya matangazo asubuhi mpaka jioni. Kura zikafungwa saa kumi jioni, kuhesabu kunafanyika palepale kituoni, wakimaliza wanajaza fomu, mawakala wanapewa nakala na nyingine inabandikwa nje kila mtu aione. Kutangaza mshindi ni kazi ya msimamizi msaidizi wa uchaguzi wa kata peke yake, ukijitangazia mshindi redioni umejitafutia. Kaka alikuwa anaijua hiyo kama jina lake. Sheria yake studio ilikuwa hivi: tunasoma kilichobandikwa ukutani, kituo kwa kituo, tunakitaja kituo kwa jina, hatujumlishi. Kujumlisha ni kazi ya msimamizi. Aliirudia mara mbili kabla hatujaingia hewani.

Tulikuwa wangapi? Studio watu wawili, yeye kwenye maiki na mimi kwenye miksa. Nje kijana mmoja wa kujitegemea, stringa, na bodaboda ya kukodi anazunguka vituo kumi na nne anapiga picha fomu kwa simu anatuma WhatsApp. Mhariri aliondoka saa kumi na mbili, mtoto wake anaumwa, mhariri mwenyewe ni mmoja tu, hana msaidizi. Kwahiyo Kaka alikuwa msomaji, mhariri, mpokea simu za wanasiasa na mtunza daftari, watu wanne kwenye kiti kimoja. Mkizingatia hapo tu, kisa kimeshaisha nusu.

Saa moja kasoro umeme ukakatika. Enzi hizo Kigoma haijaungwa gridi ya taifa, tunaishi kwa majenereta ya mafuta ya shirika la umeme, kukatika ni jambo la kila siku, sisi tunawasha la kwetu. Jenereta letu lilikuwa linabeba mitambo na taa moja, router halibebi. Kaka akahamia kwenye simu yake mwenyewe, bando lake mwenyewe, na kioo chake kilikuwa na ufa unaopita katikati. Picha zikawa zinaingia moja moja, nyingine nusu, nyingine kijana kapiga kwa tochi mwanga umemezwa.

Vituo nane vilikwenda vizuri. Cha tisa, saa moja na dakika arobaini usiku, picha ikaingia, imetiwa ukungu. Aliyejaza fomu ile moja yake anaiandika na mkia wa juu, mnajua ile moja ambayo wengine wanasoma saba. Kura za mgombea mmoja zilikuwa 117. Kaka akasoma 177.

Tofauti ya sitini! Kwenye kata ambayo mpaka hapo waliokuwa wanashindana wanapishana kwa kura chache chache tu.

Alivyosoma hakuna kengele iliyolia kichwani kwangu wala kwake. Picha mi sikuiona, simu ilikuwa mkononi mwake. Tungekuwa na mtu wa tatu mezani ambaye kazi yake ni kuangalia fomu na kusema soma tena, hii namba ingekufa pale pale kabla haijatoka nje ya kioo cha studio. Yani sekunde kumi na tano.

Sasa hapa ndo kosa langu linapoingia. Saa moja na dakika arobaini na saba simu za wasikilizaji zilikuwa zinawaka zote, tulikubaliana hatupokei wasikilizaji mpaka matokeo yote yaishe. Ila Kaka alikuwa anakohoa, anahitaji maji, ukimya hewani sekunde kadhaa, na mimi badala ya kuweka wimbo nikafungua laini. Msikilizaji kaingia kwa furaha, anasema Kaka mi hapa na kalamu na karatasi nimejumlisha vituo vyote ulivyosoma, jamaa yetu anaongoza kwa kura thelathini na nane, kata imeenda hiyo! Nikamkata. Nimechelewa. Kaka akarudi haraka akasema jamani hatujumlishi, bado vituo vitano, mwenye kutangaza ni msimamizi, aliisema vizuri tu na kwa utulivu, lakini nani anasikia. Thelathini na nane ilikuwa ishatoka. Ndani ya dakika kama tano tulikuwa tunasikia honi za bodaboda kupitia ukuta wa studio. Studio ina magodoro ukutani, ukisikia honi mle ndani ujue ni nyingi.

Aliyeshtuka ni wakala wa upande wa pili, akampigia Kaka akamwambia bwana mkubwa kile kituo umekosea, nakala ninayo mkononi, ni mia na kumi na saba. Angekuwa mtangazaji mwingine angesema huyu ni wakala wa chama, ana lake. Kaka alimwambia asante, subiri. Akampigia stringa, rudi kile kituo, piga picha tena, karibu, weka tochi pembeni isipige karatasi. Kijana akarudi, barabara mbaya, watu wameshajaa njiani wanashangilia, mpaka picha mpya inafika ni saa mbili na dakika mbili. Kaka hakusubiri hata jingo, kile kimuziki cha kituo, limalizike, akanionyesha mkono nikamfungulia, akasema, nimeikumbuka maneno kwa maneno: "Nimekosea. Siyo kituo, siyo msimamizi, nimekosea mimi kusoma. Namba sahihi ni mia moja na kumi na saba." Akarudia mara tatu, na kila baada ya wimbo akarudia tena mpaka usiku wa manane.

Dakika ishirini na mbili ndo kosa liliishi bila kusahihishwa. Naiweka hapa hiyo namba kwa sababu baadae watu walisema Kaka alipotosha mji usiku kucha.

Saa nne msimamizi akatangaza. Yule waliyekuwa wanamshangilia kashindwa kwa kura arobaini na sita. Ukichukua hesabu sahihi tangu mwanzo hakuwahi kuongoza baada ya kituo cha tisa, lakini kwa mtu aliyeko barabarani anacheza tangu saa mbili kasoro, ushindi alikuwa nao mkononi na sasa umechukuliwa. Vijana wakaenda ofisi ya kata, askari wakaja wakawatawanya. Katika zile mbio bodaboda mbili ziligongana na kijana mmoja akavunjika mguu. Kaka alikwenda hospitali kumuona kesho yake asubuhi, kabla ya kuitwa na mtu yeyote, akakaa na mama yake mzazi wa yule kijana kwenye benchi. Sikuwepo, aliniambia tu mama alimshika mkono akasema mwanangu tulikusikia uliposahihisha, ila huyu alishatoka nyumbani.

Nimelifikiria hilo neno kuliko lolote kwenye kisa hiki. Redio ikishamtoa mtu ndani haiwezi kumrudisha kwa sauti ile ile, wanaosikia masahihisho ni wale waliobaki wamekaa.

Mchana akaitwa na mwenye kituo. Mi nilikuwa nje ya mlango, mlango mwembamba. Mzee hakuwa mkali, niseme ukweli, alikuwa mtu aliyeogopa. Alikuwa anapigiwa simu tangu alfajiri kutoka ofisi moja na nyingine, na kituo kilikuwa kinategemea sana matangazo ya ofisi hizo hizo, chanjo, usafi, mikutano, bila hayo hata mafuta ya jenereta hamna. Akamwambia mwanangu pumzika wiki mbili, mambo yapoe. Kaka akasema sawa mzee, ila naomba tuandike kilichotokea, tuandike kuanzia umeme mpaka ile simu, tuone wapi pa kurekebisha, na daftari langu hili hapa. Mzee akasema hamna haja, hayo yatajulikana.

Daftari halikufunguliwa. Mle ndani kulikuwa na kila kitu, saa ya kusoma, saa ya simu ya msikilizaji, saa ya wakala, saa ya kusahihisha, kwa mkono wake. Kosa lake mwenyewe ameliandika kwa kalamu nyekundu.

Wiki mbili zikawa sita, alafu ikaja barua. Nimeisoma barua ile mara nyingi, iko nusu ukurasa, na neno uchaguzi halimo, 177 haimo, kusahihisha haimo. Imesema kwa kuwa sheria inataka mwandishi awe na elimu ya angalau diploma ya uandishi wa habari na yeye ana cheti, kituo kinasitisha huduma zake.

Hapa lazima nikae kidogo. Ni kweli kuna Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, na kanuni zake za 2017 zikaweka kiwango cha diploma. Lakini zikatoa miaka mitano kwa waliopo kazini wajiendeleze, yani mpaka mwisho wa 2021. Barua ya Kaka iliandikwa muda huo haujaisha, bado upo kabisa. Na pale kituoni wasio na diploma walikuwa wanne, akiwemo mimi! Mimi niliyefungua ile laini! Walioondolewa ni mmoja. Kwahiyo msiniambie ni diploma.

Kuna watu nimewasimulia kisa hiki wakasema basi aliondolewa kisiasa, wakubwa walimtaka. Inawezekana hizo simu zilikuwa na uzito, siwezi kukataa, lakini mi nnavyokiangalia kisa nasema hivi, Kaka alikosea kweli, na mtu kavunjika mguu kweli, na kama barua ingesema tunakusimamisha kwa sababu ulisoma namba bila kuihakiki ningeumia lakini ningekubali kwamba ni barua ya haki, alafu mstari wa pili ungetakiwa useme na sisi kituo tulikuacha peke yako na simu yenye ufa, na fundi alifungua laini iliyokubaliwa isifunguliwe. Hiyo ndo barua iliyotakiwa. Kwa kutumia diploma, kituo kilimuondoa mtu kikalifukia na kosa lenyewe. Hakuna kikao kilichofanyika. Hakuna aliyesema kuanzia leo namba inasomwa na watu wawili, hakuna aliyenunua betri ya router, mimi sikupewa hata onyo, na nilibaki na lile donge mpaka nikaondoka mwenyewe mwaka uliofuata.

Angeweza kwenda kudai? Nilimwambia aende tume ya usuluhishi wa kazi, akasema na mkataba upi mdogo wangu. Kuna namna ya kuthibitisha ajira hata bila karatasi, mawakili wanajua, ila alikuwa amechoka na nyumbani kuna watoto, kila asubuhi alikuwa anazidiwa na swali la chumvi na unga kabla ya swali la haki. Akaingia kwenye mawese, ananunua madumu vijijini anauza Mwanga. Na harusi, anashika maiki kama MC, sauti ile ile. Watu wanampenda ila ukimuangalia akiwa anasema tukaribishe upande wa bwana harusi unaona kabisa mtu anafanya kazi ya sauti yake wakati kazi ya kichwa chake imebaki nyumbani.

Sa hivi kuna Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari, ile ambayo sheria iliitaja tangu 2016 na ikaja kupata wajumbe 2024 chini ya Tido Mhando, na vitambulisho vinatolewa kwa wenye sifa. Mi sipingi elimu, nimejisomea diploma yangu baada ya haya yote na imenisaidia, kuna vitu nilikuwa navifanya kwa mazoea sasa najua sababu zake. Nnachosema ni kwamba hakuna somo la diploma linalomfanya mtu mmoja awe na macho manne. Kituo kikitaka kurusha matokeo kiweke mtu wa pili mezani, hata kama ni kijana wa mafunzo, kazi yake ashike picha ya fomu asome kwa sauti maiki ikiwa imezimwa kabla msomaji hajasoma, na kama hawasomi sawa namba haiendi hewani. Laini za wasikilizaji zing'olewe kabisa, siyo kukubaliana, zing'olewe, maana mimi nilikubaliana alafu nikafungua. Haigharimu kitu.

Kituo chetu kilichagua dawa nyingine. Oktoba 28, 2020, uchaguzi mkuu, jimbo la Kigoma Mjini Zitto Kabwe wa ACT-Wazalendo anatetea kiti dhidi ya Kilumbe Ng'enda wa CCM, mji umesimama, na mitandao ilikuwa imebanwa, WhatsApp haifunguki mpaka uwe na VPN na wengi hawaijui. Yani usiku ambao mtu wa Katubuka au Bangwe hana pa kusikia kituo cha jirani yake kimebandika nini isipokuwa redio ya hapa hapa, niliwasha ile redio yetu ya zamani nikakuta muziki. Saa mbili muziki. Saa tatu muziki. Mtangazaji anaingia anasema endelea kuwa nasi, unarudi muziki. Ng'enda ndiye aliyetangazwa mshindi, na watu wa mji wangu walisubiri mpaka mwisho bila kusomewa na redio hiyo hata karatasi moja ya ukutani.

Mimi nilikuwa nimeenda Ujiji kwa Kaka. Nilikuta watu washajaa barazani kwake, nadhani ni mazoea tu, uchaguzi ukifika wanaitafuta ile sauti. Hana maiki, hana kitambulisho, kavaa msuli na fulana. Akamwambia kijana wake wa darasa la sita lete tochi na daftari. Tukaenda watatu kwa miguu mpaka kituo alichopigia kura, fomu ishabandikwa ukutani, ile ya ubunge, watu wanasukumana mbele yake. Akasubiri wapungue. Akasogea karibu kabisa, akainakili kila mstari, alafu akampa mtoto daftari akamwambia we soma hapa kwangu, na wewe mdogo wangu angalia pale ukutani, ukisikia tofauti sema. Mtoto akasoma yote. Alipofika kwenye namba moja iliyokuwa na saba, Kaka akamsimamisha, akasogeza tochi pembeni isipige karatasi.

"Soma tena hiyo."

Akasoma tena. Nikaangalia ukutani, nikasema ni sawa. Ndo tukarudi barazani akawasomea, akataja jina la kituo, akataja kura za kila mmoja, na mzee mmoja alipoanza kujumlisha na vya kwingine alivyovisikia njiani Kaka akamwambia taratibu, baba, hiyo tumuachie msimamizi.